Neno Moja Lililofunga Mlango: Kisa cha Ukumbi wa Munich

Mwaka 2018 mkazi mmoja wa Munich, kusini mwa Ujerumani, aliomba ukumbi ndani ya jumba la makumbusho la jiji ili aitishe mjadala wa hadhara. Mada aliyoiandika ilikuwa hii: Munich inaubana uhuru wa maoni kiasi gani? Azimio la baraza la jiji la tarehe 13 Desemba 2017 na matokeo yake. Akanyimwa. Sababu aliyopewa ilikuwa azimio lilelile alilotaka watu wakae walijadili, lililofunga kumbi za jiji kwa matukio yanayogusa kampeni ya kuisusia Israel.

Alikwenda mahakamani, akashindwa. Akakata rufaa, akashinda. Jiji nalo likakata rufaa, na shauri likamalizikia Leipzig, kwenye Mahakama Kuu ya Utawala ya Shirikisho, tarehe 20 Januari 2022. Jiji likashindwa.

Ukiitazama kwa juujuu, ni kesi ya kugombea ukumbi, na mtu angeweza kuuliza kwa nini mahakama ya ngazi ya juu kiasi hicho iliketi kwa jambo la viti na vipaza sauti. Mimi naiona kuwa kesi iliyo wazi kuliko nyingi katika mabishano ya miaka hii kuhusu maana ya chuki dhidi ya Wayahudi: nani aieleze, na aliyeieleza apewe mamlaka ya kufanya nini. Iko wazi kwa sababu mwombaji hakuwa amesema neno lolote baya. Hakuna aliyemshtaki kwa matusi wala uchochezi. Alinyimwa kwa ajili ya kile ambacho huenda kingesemwa.

Uwanja wenyewe

Kabla ya sheria, tuanze na mahali. Jumba hilo la makumbusho liko kwenye uwanja uitwao St.-Jakobs-Platz. Kwenye uwanja huohuo liko sinagogi la Ohel Jakob, lililofunguliwa tarehe 9 Novemba 2006, na kando yake makumbusho ya Wayahudi. Jiwe la msingi la sinagogi liliwekwa mwaka 2003, na wiki chache kabla ya sherehe polisi walikuwa wamewakamata watu wa kundi la Wanazi mamboleo waliopanga kushambulia hafla hiyo kwa mabomu. Yaani mwaka 2003, si 1933.

Sinagogi kuu la zamani la Munich lilibomolewa Juni 1938 kwa amri ya Hitler, miezi mitano kabla ya usiku ule masinagogi ya Ujerumani nzima yalipochomwa moto. Usiku wenyewe, tarehe 9 Novemba 1938, ulianzia katika jiji hilihili: Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alitoa hotuba yake ya uchochezi katika ukumbi wa jumba la zamani la baraza la jiji. Kambi ya mateso ya Dachau, iliyofunguliwa na Wanazi Machi 1933, iko nje kidogo tu ya Munich. Vita viliisha, lakini mauaji hayakwisha. Februari 1970 moto uliwashwa kwa makusudi katika nyumba ya jumuiya ya Wayahudi walimoishi wazee, na watu 7 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo walionusurika kambi za Wanazi. Septemba 1972, wakati wa Michezo ya Olimpiki, wanamichezo na makocha 11 wa Israel waliuawa na kundi la Wapalestina wenye silaha.

Nayataja haya mapema kwa makusudi. Anayeisoma kesi hii kama hadithi ya madiwani waoga wasiotaka kukosolewa ameisoma nusu. Madiwani wa Munich walikuwa wakipiga kura katika jiji ambamo baraza lao lenyewe liliwahi kuwa jukwaa la uchochezi. Walitaka safari hii jiji liwe upande wa majirani zake Wayahudi, na mapema. Nia hiyo naiheshimu kwa moyo wote. Mzozo wangu ni na chombo walichokichukua mkononi.

Kwa nini kususia kunauma

Azimio lilihusu kampeni inayojulikana duniani kwa herufi tatu, BDS. Ilianzishwa mwaka 2005 kwa wito wa asasi za kiraia za Wapalestina: kususia bidhaa na taasisi za Israel, kuondoa mitaji, na kuiwekea dola hiyo vikwazo. Madai yake ni matatu: ukaliaji wa maeneo ukome, raia Waarabu wa Israel wapate usawa kamili, na wakimbizi wa Kipalestina wapate haki ya kurejea. Waliounga mkono hutaja mfano wa Afrika Kusini, na sisi tuliokulia katika nchi zilizoisusia Pretoria kwa miaka mingi tunauelewa mfano huo bila kufafanuliwa.

Masikio ya Mjerumani husikia jambo jingine. Tarehe 1 Aprili 1933, miezi miwili tu baada ya Hitler kuingia madarakani, vijana wa sare walisimama mbele ya maduka ya Wayahudi wakiwa na mabango: usinunue kwa Myahudi. Kilichofuata kinajulikana. Wahenga wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee wa Kiyahudi wa Munich akishtuka kusikia neno kususia, ana sababu, na si haki kumwambia kwamba anatia chumvi. Tena wakosoaji wa kampeni hiyo wana hoja zisizohusu kumbukumbu pekee: kwamba dai la kurejea kwa wakimbizi wote lingeumaliza uwepo wa Israel kama dola ya Wayahudi, na kwamba kumsusia mwanachuoni au mwanamuziki kwa pasipoti yake ni kumwadhibu mtu kwa alikozaliwa. Hizo ni hoja nzito. Zinastahili kusemwa kwa sauti, ndani ya ukumbi, mbele ya anayezipinga.

Azimio na kitenzi chake

Sasa tusome azimio. Lilitokana na vyama viwili vikubwa vya jiji wakati huo, SPD na CSU, na kichwa chake kilisema jiji liko dhidi ya kila aina ya chuki kwa Wayahudi na halitashirikiana na kampeni ya BDS. Lilifanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, lilipitisha fasili ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyokwisha kukubaliwa na serikali ya shirikisho. Pili, liliagiza kumbi na vyumba vya jiji wasipewe waandaaji wala matukio yanayoiunga mkono kampeni hiyo, yanayoitangaza, yanayofuata malengo yake, au yanayoshughulika na maudhui yake.

Rudi kwenye kitenzi cha mwisho. Kushughulika na. Kesi nzima imelalia hapo. Anayeitangaza kampeni anashughulika nayo, sawa. Anayeipinga naye anashughulika nayo. Mhadhiri anayeeleza historia yake anashughulika nayo. Rabi anayetaka kuwaeleza vijana kwa nini anaiona kampeni hiyo kuwa hatari, naye vilevile. Na mkazi anayeuliza kama baraza lake limevuka mpaka, hawezi kuuliza bila kuigusa. Waliolitunga azimio hawakukusudia kumfungia rabi mlango, nina hakika. Lakini maandishi hayamjui aliyekusudiwa. Msimamizi wa ukumbi anayeogopa kulaumiwa atasoma neno lililoandikwa, atatazama mada ya mwombaji, na atachagua njia isiyo na lawama kwake: hapana.

Fasili ilikotoka

Fasili yenyewe ina safari ndefu. Rasimu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2005 katika kituo cha Umoja wa Ulaya kilichofuatilia ubaguzi wa rangi na chuki kwa wageni. Mwandishi wake mkuu alikuwa Kenneth Stern, mwanasheria Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika Kamati ya Wayahudi wa Marekani. Tatizo lililowasumbua lilikuwa la kuhesabu. Nchi moja ikiandika tukio kuwa chuki kwa Wayahudi na jirani yake ikaliandika kuwa ugomvi wa kawaida, takwimu za Ulaya hazina maana. Walihitaji kipimo kimoja cha wakusanya data.

Tarehe 26 Mei 2016, mjini Bucharest, muungano wa nchi unaoshughulika na kumbukumbu ya Holocaust, yaani mauaji ya halaiki ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, IHRA, uliipitisha kama fasili ya kufanyia kazi isiyo na nguvu ya kisheria. Kiini chake ni sentensi mbili. Inasema chuki dhidi ya Wayahudi ni mtazamo fulani kuhusu Wayahudi unaoweza kujitokeza kama chuki kwao, na kwamba hulengwa kwa maneno au vitendo watu, Wayahudi au wasio Wayahudi, mali zao, taasisi za jumuiya na nyumba za ibada. Baada ya hapo kuna mifano 11. Ipo isiyobishaniwa na mtu mwenye akili timamu: kuhimiza kuuawa kwa Wayahudi, kukana Holocaust, kudai kwamba Wayahudi wanaiendesha dunia kwa siri. Mifano 7 kati ya hiyo inaitaja Israel kwa njia moja au nyingine, na vita vyote viko kwenye hiyo.

Mtazamo fulani ni maneno mapana mno. Mwanatakwimu anaweza kuishi nayo, kwa kuwa akikosea tukio moja, jedwali lake halimnyang'anyi mtu haki. Jaji hawezi. Stern mwenyewe alikwenda mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2017 kuwaonya wabunge wasiigeuze fasili hiyo kuwa kanuni ya kudhibiti maneno vyuoni. Aliyeitengeneza rula aliona watu wanataka kuitumia kama fimbo, akasema hapana.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Katika maandishi ya IHRA, sentensi inayosema kwamba dola ya Israel, ikichukuliwa kama jumuiya ya Kiyahudi, inaweza pia kulengwa kwa chuki hiyo, inafuatwa mara moja na nyingine: kuikosoa Israel kwa namna inavyokosolewa nchi nyingine yoyote hakuwezi kuhesabiwa kuwa chuki kwa Wayahudi. Serikali ya Ujerumani ilipoipitisha fasili Septemba 2017, iliichukua ile sentensi ya kwanza ikaiingiza ndani ya fasili yake. Ile ya pili haikuingizwa. Munich ikapokea fasili ikiwa imekwisha kukatwa hivyo. Kwangu hili ni kosa zito kuliko upana wa maneno, kwa sababu sentensi iliyoachwa ndiyo iliyokuwa breki.

Hapa Kiswahili chetu nacho kinahusika, maana tuna ugonjwa wetu. Tunasema Wayahudi wamepiga Gaza, tukimaanisha jeshi la Israel. Mahubiri ya misikitini, gumzo la barazani, hata baadhi ya taarifa za habari, hutumia neno Mayahudi mahali pa jina la serikali fulani na waziri wake mkuu. Upande wa pili, mahubiri mengine huichukua Israel ya Biblia na kuibandika juu ya dola iliyoundwa mwaka 1948, na kuikosoa dola hiyo kukawa kama kumkosoa Mungu. Wote wawili wamefanya kosa moja. Nenda Mbale, mashariki mwa Uganda, kwenye jumuiya ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Ni Waganda, wanalima kahawa, wanaitunza Sabato. Wanahusika vipi na amri ya jenerali aliye Tel Aviv? Lugha isiyowatenga watu hawa na dola hiyo inawatayarishia lawama wasiyoistahili. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema fasili haihitajiki. Inahitajika, na kazi yake ya kwanza ni kutenganisha.

Tarehe 25 Machi 2021 wanazuoni wapatao 200, wengi wao wa historia ya Holocaust, taaluma za Kiyahudi na Mashariki ya Kati, walijaribu kufanya hivyo hasa kwa tamko walilolitoa kwa jina la Jerusalem. Kiini chao ni kifupi: ni ubaguzi, upendeleo mbaya, uhasama au ukatili dhidi ya Wayahudi kwa kuwa wao ni Wayahudi, au taasisi za Kiyahudi kwa kuwa ni za Kiyahudi. Wanasema kususia si chuki kwa kuwa ni kususia tu, na vilevile wanasema kumbebesha kila Myahudi lawama za Israel ni chuki. Naliona bora kama maelezo. Hata hivyo, lau Munich ingelipitisha tamko hilo badala ya ile fasili, na kuliambatanisha na agizo lilelile la kufunga kumbi, ubaya ungebaki. Wanaobishana usiku kucha kuhusu fasili ipi ni bora mara nyingi husahau kuuliza imefungwa kwenye adhabu gani.

Ngazi tatu za mahakama

Mahakama ya kwanza, ya Munich, iliikataa kesi Desemba 2018. Mahakama ya Utawala ya Jimbo la Bavaria iliipindua hukumu hiyo tarehe 17 Novemba 2020. Leipzig ikathibitisha.

Hoja ya jiji haikuwa ya kipuuzi. Sheria ya serikali za mitaa ya Bavaria, Ibara ya 21, inampa mkazi haki ya kutumia huduma za umma za mji wake, lakini ndani ya matumizi ambayo mji umeyapanga. Mji ukisema ukumbi huu ni wa muziki tu, huwezi kudai kufanyia ngumi. Basi, wakasema mawakili wa jiji, sisi tumepanga upya: kumbi zetu ni za kila jambo isipokuwa hili.

Majaji walijibu kwamba kupanga matumizi kwa kutenga mada moja na maoni yanayotarajiwa juu yake ndiko kuingilia uhuru wa maoni. Ibara ya 5 ya Katiba ya Ujerumani inamhakikishia kila mtu haki ya kutoa na kusambaza maoni yake, na mipaka ya haki hiyo, inasema ibara hiyohiyo, hupatikana katika sheria za jumla. Sheria ya jumla ni ile isiyolipiga vita oni fulani kwa sababu ya lilivyo. Katazo la kelele usiku ni la jumla: linamhusu mhubiri, mwanasiasa na mlevi sawasawa. Azimio la Munich lilikwama mara mbili. Halikuwa sheria hata kidogo, lilikuwa uamuzi wa madiwani. Na lau lingekuwa sheria, lisingekuwa la jumla, kwa kuwa lilichagua mada moja likaifungia.

Kisha ukaja mstari ambao nadhani kila mtungasheria angefaa kuubandika ukutani. Dola haiwezi kuingilia maoni kwa kuwa yana sumu au yanaweza kushawishi. Inaweza kuingilia pale maneno yanapotoka kwenye uwanja wa kushawishiana na kuanza kuhatarisha amani ya mjadala wenyewe, yanapogeuka mlango wa uchokozi au uvunjaji wa sheria.

Msomaji asidhani Ujerumani ni mahali ambapo kila kitu kinasemwa. Kifungu cha 130 cha sheria yao ya adhabu kinamfunga hadi miaka mitano anayechochea chuki dhidi ya kundi la watu kwa namna inayoweza kuvuruga amani, au anayekana hadharani mauaji ya Holocaust. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilikubali hata katazo la kuutukuza utawala wa Kinazi, ikikiri kwamba hiyo si sheria ya jumla, lakini historia ya nchi hiyo inadai iruhusiwe kama jambo la pekee. Na papo hapo majaji wale walikataa kusema kwamba Katiba inakataza fikra za Kinazi kwa jumla. Kama mahakama hiyo ilikataa kuziwekea fikra za Hitler katazo la jumla, baraza la jiji lingepata wapi mamlaka ya kukataza mjadala kuhusu azimio lake?

Mtu aliyesusia kwa ajili ya Wayahudi

Kuna kisa cha zamani ambacho hakitajwi vya kutosha katika shauri hili, na ningetamani kila mshiriki wa ugomvi huu, wa pande zote, akijue. Msingi wa uhuru wa maoni Ujerumani uliwekwa na hukumu ya tarehe 15 Januari 1958. Aliyeshinda aliitwa Erich Lüth, mkuu wa ofisi ya habari ya jiji la Hamburg. Mwaka 1950 alisimama hadharani akawataka wenye majumba ya sinema na watazamaji waisusie filamu mpya ya Veit Harlan. Harlan ndiye aliyeongoza, mwaka 1940, filamu mashuhuri kuliko zote za kueneza chuki dhidi ya Wayahudi kwa ajili ya Goebbels. Sasa alikuwa amerudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Mahakama za Hamburg zilimwamuru Lüth anyamaze, kwa kuwa kuhimiza watu wasusie biashara ya mwenzako ni kumdhuru. Mahakama ya Katiba ikasema miaka baadaye: wito wake wa kususia ni maoni, na maoni yana kinga.

Lüth huyohuyo alianzisha mwaka 1951 kampeni ya kuwataka Wajerumani waiombe Israel amani. Alikuwa rafiki wa Wayahudi katika nchi iliyokuwa imejaa watu waliotaka kusahau. Kinga anayoitegemea leo mkazi wa Munich ilichimbwa na mtu aliyekuwa akiipiga vita chuki dhidi ya Wayahudi, naye alitumia kususia kama silaha. Sisemi kumsusia mtengeneza filamu wa Kinazi ni sawa na kususia machungwa ya Jaffa au chuo kikuu cha Haifa. Si sawa. Ninachosema ni kwamba kususia ni chombo, na kinaweza kushikwa na mwenye chuki au na mwenye kuchukia chuki. Lazima umtazame aliyekishika, umsikie anasema nini, juu ya nani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilifikia karibu na hapo tarehe 11 Juni 2020, ilipoamua kwamba Ufaransa ilivunja haki ya wanaharakati 11 iliowatia hatiani kwa kugawa karatasi katika duka kubwa karibu na Mulhouse, wakiwataka wateja wasinunue bidhaa za Israel.

Baada ya Leipzig

Mwaka mmoja tu ulipita jiji lenyewe likajaribiwa, kwa mtihani mgumu kuliko wa mwanzo. Roger Waters, mwanamuziki Mwingereza anayeiunga mkono BDS na ambaye wengi wamemtuhumu kwa chuki dhidi ya Wayahudi, tuhuma anayoikataa, alikuwa na onyesho katika ukumbi wa Olimpiki Mei 2023. Safari hii baraza la Munich lilikiri kwamba kisheria haliwezi kulifuta. Frankfurt ilijaribu kulifuta la kwake. Ukumbi wa huko, Festhalle, ndimo walimofungiwa wanaume wa Kiyahudi zaidi ya 3,000 mwezi Novemba 1938 kabla ya kusafirishwa kambini. Fikiria uzito wa mahali hapo. Hata hivyo mahakama ya utawala ya Frankfurt iliamuru Aprili 2023 apewe ukumbi, na akatumbuiza. Nje walikuwapo watu waliokuja kuwakumbuka waliofungiwa mle ndani. Hao nao walitumia Ibara ya 5.

Naelewa anayeyasoma haya na kuona kwamba majaji wamewaacha Wayahudi peke yao. Lakini tazama kilichobaki mikononi mwa jiji. Shauri lilihusu mlango, halikuhusu mdomo wa jiji. Munich inaweza kupinga, kufundisha, kulinda, kuweka polisi mbele ya sinagogi, kumpeleka mahakamani anayechochea. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Oktoba 2023 chupa za petroli zilirushwa kwenye jumuiya ya Kiyahudi ya Kahal Adass Jisroel, Berlin. Siku kumi na moja kabla, Hamas ilikuwa imeua watu wapatao 1,200 ndani ya Israel, na vita vilivyofuata Gaza viliua Wapalestina makumi ya maelfu. Waliorusha chupa zile hawakuomba ukumbi. Kinachonisikitisha katika azimio la Munich ni nguvu nyingi zilizotumika miaka minne hivi kumzuia mtu wa mjadala.

Hata kabla ya Leipzig, wengine walikuwa wamekwisha kuonja. Mei 2019 Bunge la Shirikisho lilipitisha azimio linalofanana na la Munich. Mwaka uliofuata, mwanafalsafa Achille Mbembe, mzaliwa wa Kamerun anayefundisha Johannesburg, alialikwa kufungua tamasha la sanaa la Ruhr. Akatuhumiwa kwamba anaifanya Holocaust kuwa jambo la kawaida kwa kuitaja sambamba na ubaguzi wa Afrika Kusini, na kwamba yuko karibu na BDS. Kamishna wa serikali anayeshughulika na chuki dhidi ya Wayahudi alisema hafai kufungua tamasha. Mbembe alizikana tuhuma. Korona ikalifuta tamasha lote, kwa hiyo hatukuona mwisho wake. Kilichonigusa ni kwamba Mwafrika aliyeishi na kumbukumbu ya ukoloni na ubaguzi alitakiwa azungumze kuhusu mateso kwa ramani ya mateso iliyochorwa Berlin. Mtu anaweza kumkosoa Mbembe, na wapo wasomi wa Kiyahudi waliomkosoa na wengine waliomtetea. Desemba ya mwaka huohuo wakuu wa taasisi kubwa za utamaduni za Ujerumani walisema hadharani kwamba azimio la 2019 linawafanya wakague watu kabla ya kuwaalika. Na wataalamu wa sheria wa Bunge lenyewe nao walieleza kwamba azimio hilo halimfungi mtu, na kwamba lingekuwa sheria lingegongana na Katiba.

Sehemu ambayo Leipzig haikuigusa ni ya fedha. Mkazi ana haki ya ukumbi wa mji wake kwa Ibara ya 21. Hakuna ibara inayompa msanii haki ya ruzuku. Mwanzoni mwa 2024 Berlin iliweka sharti kwamba anayetaka fedha za utamaduni akubali kwanza fasili ya IHRA, ikaliondoa ndani ya mwezi huohuo kwa mashaka ya kisheria. Tarehe 7 Novemba 2024 Bunge la Shirikisho likapitisha azimio jingine, fasili ileile ikiwa kipimo, likitaka miradi na mashirika yanayoiunga mkono BDS yasipewe fedha za umma. Nalo pia si sheria. Mkazi wa Munich aliandikiwa kwa nini amekataliwa, na sababu hiyo ndiyo aliyoibeba hadi Leipzig. Anayenyimwa ruzuku anaweza kupata barua ya mistari miwili inayomshukuru kwa maombi yake na kumweleza kwamba safari hii hakuchaguliwa.